Kiboko Aliyeshuka Kwenye Kadi

Jumanne asubuhi, Mama Ajwang wa Usenge aliketi katika kliniki moja mjini Kisumu, mkoba mapajani, akionyeshwa kadi za picha na mtaalamu wa kupima kumbukumbu aitwaye Caren. Baada ya chai angeonyeshwa tena kadi hizo zikiwa zimechanganywa na nyingine, aseme ipi aliiona na ipi hakuiona. Akishindwa, mwanawe Sydney angepewa mamlaka juu ya shamba lake la ufuoni, lenye nyumba yake na kaburi la mumewe. Sydney alikuwa keshapata mnunuzi mwenye mpango wa hoteli. Alikuwa ameketi kando, amekunja nne, amejipulizia marashi kama aliyealikwa harusini. Mtu mzima ovyo.

Mama Ajwang alizisalimu picha moja moja. Jogoo, taa ya chemni, beseni. Alipofika kwa kiboko alisema, "Wewe nakujua. Ulimaliza mahindi yangu ile mwaka ya mafuriko."

Walipokuwa wakinywa chai, picha zote alizozisalimu zilishuka kwenye kadi. Jogoo alipanda juu ya kabati. Kiboko, kwa kuwa alihitaji nafasi, alitoka akasimama koridoni akichuruzika maji, na mlinzi akawaelekeza wagonjwa wapitie mlango wa nyuma. Caren alirudi akiwa ameinua sketi isilowe. Alijipenyeza ubavuni mwa kiboko, akamwomba radhi, akaketi.

Kadi aliyoanza nayo ilikuwa nyeupe pe.

"Mama, hii uliona?"

"Hapana. Hii iko tupu."

"Hii ilikuwa ya kiboko."

"Kiboko si ndiyo ile imesimama hapo nje, nyara, binti yangu? Umepita kando yake saa hii."

"Mimi nauliza ya kadi, Mama. Sema ndiyo ama hapana."

"Hapana."

Caren akatia alama ya kosa. Aliitia kwa upole, maana upole walifundishwa chuoni, na katika yote waliyofundishwa ndio pekee uliomwingia. Zilizofuata nazo zilikuwa tupu. Jogoo aliwika mpaka Caren akalazimika kupaza sauti.

Sydney alipangusa kinyesi cha kuku begani kwa kitambaa. "Daktari, unaona vile ananisumbua? Hata nyumbani ni hivi hivi."

"Pole sana," Caren alisema. "Mama, ya mwisho. Huyu bwana unamjua?"

Mama Ajwang alimtazama mwanawe kuanzia viatuni hadi utosini, bila haraka, kwa dharau ambayo hakujisumbua kuificha. Alikuwa amemzaa, akamnyonyesha, akamsomesha kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani.

"Huyu sijawahi kuona."

Hilo nalo likatiwa alama ya kosa. Caren akasaini, Sydney akasaini, na shamba likawa limekwenda.

Walipotoka, kiboko alijibana ukutani kumpisha Mama Ajwang. Sydney, karatasi mkononi, alipitia nyuma pamoja na wagonjwa.