Jani Kwenye Jino

...tangu chakula cha mchana, basi, hapana pengine, maana hiyo mboga aliila kwa haraka akiwa amesimama, na sasa jioni inaingia, na ndiyo kwanza analiona, kwenye kioo hikihiki anachowaambia wateja jitazameni kwanza, wekeni kola sawa, jani bichi kabisa limejibanza kati ya jino la mbele na jirani yake kama mgeni asiyejua kuaga, na yeye amecheka nalo mchana kutwa, amecheka na mwalimu aliyefuata picha za pasipoti, amecheka na mama mwenye mtoto mchanga, tena mtoto alipolia akamfanyia vituko mdomo wazi mpaka koo linaonekana, na wote walimtazama mdomoni, asante fundi, kazi njema fundi, wakaenda zao, hakuna hata mmoja aliyesema... naye ndiye mpiga picha, mtu wa kumwinamia mteja na kumnong'oneza, samahani dada, pitisha ulimi hapo kidogo, kweli mganga hajigangi, na nyuma ya pazia wale wazee wawili, mume na mke, wamekaa kwenye benchi mbele ya kitambaa cheupe, wanataka picha moja tu ya pamoja, amewaambia wamsubiri ananawa mikono, akajifungia huku kwenye kona ya sinki kama mwizi, akachomoa kikopo cha uzi wa meno kwenye mfuko wa shati, uzi ambao ametembea nao mfukoni wiki kadhaa kama hirizi, wa kujikinga tu bila kuutumia.

Daktari wa meno alikuwa binti, sawa na binti yake kwa umri, akamwambia mswaki unasafisha mbele na nyuma, baba, katikati haufiki, na fizi zinaanza kuoza palepale usipofika, jino lako hili limeshaanza kutikisika, tukizembea litaondoka, akamwonyesha namna ya kuuzungushia uzi kwenye vidole, ushushe taratibu, ulikumbatie jino, usikwaruze... alijaribu mara mbili tatu, uzi ukatoka na damu, akasema la, kinachokuumiza si unakiacha, akauacha, naye si mtu wa kubishana na damu, na sasa anaushusha tena kwa vidole vinene vinavyoteleza, jani linang'ang'ania, linakatika nusu, na damu hiyo, imeshatoka, tone kwenye sinki, waridi kwenye maji... "Hebu fungua mdomo," sauti ya bibi nyuma ya pazia, na mzee ananung'unika amwache bwana, "kuna kitu hapo, si hapo, upande wangu, tulia," na kimya kidogo, kimya cha mtu aliyeachama na mwingine anayemchokoa kwa ukucha, kisha wanacheka wote wawili, kicheko cha chinichini cha watu waliozoeana, na yeye anasimama na uzi mdomoni, mikono juu, ana wivu, ndiyo, anamwonea wivu mzee wa watu kwa sababu ya jino.

Mama watoto hakuhitaji hata kusema, alikuwa anakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni, anawanyoosha wateja kola, na akiona jambo kwenye meno ya mumewe anagusa jino lake kwa ukucha, mara moja, huku anaendelea kuzungumza na mteja habari za mvua, naye anageuka ukutani kana kwamba anatafuta lenzi... aliondoka kwenda kwa binti yao, binti alipojifungua, nakaa mpaka mtoto akaze shingo, alisema, shingo ikakaza, mtoto akakaa, akatambaa, sasa anakimbia na anaiita simu babu, na kila alipomuuliza unarudi lini jibu lilikuwa mtoto bado mdogo, mama yake anachelewa kazini, nimwachie nani, na kila jibu lilimkwaruza, basi akaacha kuuliza, kinachokuumiza si unakiacha, simu zikabaki hujambo, sijambo, mjukuu je, mzima, haya msalimie, na picha za mtoto anazotumiwa anazitazama jikoni akila peke yake, lakini jino la pembe si dawa ya pengo, na juzi mkewe alimuuliza kwenye simu, "Kwani wewe huna la kusema?" naye akajibu mtandao unakatika, na mtandao haukuwa unakatika, ulikuwa safi, alimsikia hata akishusha pumzi... ngoja, yule binti daktari alisema kitu kingine, alipokuwa tayari ameshika mlango, kitu alichokiitikia kwa kichwa ili atoke upesi, ukiona damu usiache, baba, inatoka kwa sababu hapajaguswa siku nyingi, ukiacha ndiyo utalipoteza.

"Fundi, tuko tayari," anaita mzee, naye anajibu anakuja, lakini haendi, anatema, anakata uzi mwingine, jani limetoka lote, limeganda kwenye kidole, dogo kuliko lilivyoonekana, bado mwanya mmoja, ule wa nyuma kwenye jino linalotikisika, ule unaouma, anaujua, na leo akipiga simu hataanza na mjukuu hajambo, hataulizia lini, atasema nimeshinda na jani kwenye jino, mama watoto, mchana kutwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia, rudi, au nikufuate huko, nitafunga studio, sijui, atanicheka, au atanyamaza, na anyamaze, mimi sitakata... anaupitisha uzi, unauma, damu inatoka, anaendelea.