Besi ya Mzee Munga

Kaviha alipomaliza kuingiza programu ya kurekodi muziki, kompyuta ikawa bubu. Alifanya lile linalofanywa na kila mtu: akaizima, akaiwasha, akachomoa waya wa spika na kuupuliza. Akaweka wimbo wa kwaya, akapandisha sauti hadi mwisho. Kimya. Mamake, Dhahabu, alikuwa kitini na nguo yake ya kanisani, tayari kurekodi wimbo wa kumkumbuka mumewe.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Elkana, bawabu wa kiwanja cha jirani.

"Shikamoo, mama. Kaviha, hiyo ngoma iko juu sana, bro. Inatokea kwa lile kaburi, na bosi anakuja."

Mzee Munga, mumewe Dhahabu, alizikwa shambani kwake, hapo hapo Utange. Kisha akazuka mtu wa Nyali na hatimiliki, akazungusha ukuta, kaburi likabaki ndani. Tangu hapo Dhahabu hajaruhusiwa kuingia, na hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

Kaviha akafungua mipangilio ya sauti. Programu hizi hazina haya. Ukizikaribisha tu, zinakupangia nyumba. Mahali pa kuchagua sauti itokee wapi palikuwa na spika, hedifoni, na Munga. Programu ilikuwa imemchagua Munga. Kosa dogo, la kubonyeza mara moja.

"Nirudishe kwa spika, mama?"

"Wee! Acha hivyo hivyo, mwanangu."

Akaimba. Kwenye ubeti wa pili, kutoka ng'ambo ya ukuta, besi ya Mzee Munga ikaingia, imechelewa kama ilivyokuwa ikichelewa kwenye kwaya.

"Mtu huyu habadiliki," Dhahabu akasema, akacheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa na furaha kweli kweli.

Ikawa desturi yao kila Jumapili baada ya ibada. Elkana huomba nyimbo azipendazo. Mwenye kiwanja naye alikuja siku moja, akasimama kando ya kaburi akasikiliza wimbo mzima, akauliza besi ni ya nani. Akaambiwa. Akasema ni nzuri, kisha akaagiza ukuta uongezwe urefu. Mafundi walijenga wakiitikia kiitikio, na kazi ikaenda haraka.

Zamani Dhahabu akipanda juu ya ndoo aliiona ncha ya msalaba wa kaburi. Sasa haioni. Siku hizi hapandi tena ndoo; huimba akiwa ameketi, besi ikimfikia juu ya ukuta.