Upande wa Pili wa Mkeka

Anaclet alifuta viatu vyake mara tatu kabla ya kubisha. Alifuta soli, akafuta kando, akarudia soli, kwa sababu udongo wa kiwanja chake ulikuwa mfinyanzi na haumwachi mtu kwa hiari, na kwa sababu miaka mitatu ni muda mrefu wa kutofika kwa rafiki. Taa za ngazi katika majengo ya zamani ya Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, huwaka dakika moja na nusu tu, kisha hujizimia bila kukuuliza kama umefika. Zilikuwa zimemzimikia ghorofa ya tatu, akamalizia ya nne kwa kupapasa ukuta. Chini barabarani, gari la timu lilikuwa limeegeshwa mahali pasiporuhusiwa, nembo yake ya ua la irisi imechorwa ubavuni, nyuma tupu, likingoja mzigo mzito.

Mzigo wenyewe ulikuwa mkeka, lakini si wa kulalia wala wa kusalia. Ulikuwa mkeka wa usumba, zile nyuzi za kumbi la nazi, zimesokotwa nene, urefu wake mita ishirini. Wacheza kriketi wa Afrika Mashariki huutandika katikati ya kiwanja pale ambapo ardhi haiaminiki, ili mpira ukidunda udunde kwa haki. Chande, rafiki mwenyewe, aliuleta kutoka Tanga, vipande viwili ndani ya kontena la binamu yake, akauhifadhi katika stoo ya chini ya jengo hili hili. Siku za kazi Chande alikuwa mlinzi wa jengo moja huko Schuman, kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, akiwafungulia mlango wakubwa ambao hawakuwahi kumuuliza jina. Jumapili alikuwa nahodha.

Anaclet, mwenyeji wa Bukavu, alikuwa mtunza bustani wa manispaa, na mara ya kwanza alikwenda kiwanjani kuwafukuza. Alikuta wanaume tisa wakipigilia misumari katika nyasi alizozilea kwa mikono yake. Chande hakubishana naye. Alimkabidhi nyundo, akamwomba awaonyeshe mahali pa kupigilia pasipoumiza mizizi. Kufikia saa kumi Anaclet alikuwa amevua koti. Mwezi ulipoisha yeye ndiye aliyefyeka, yeye ndiye aliyepaka juu ya mkeka mstari mweupe wa mpigaji, na Chande hakumwita tena kwa jina, alimwita fundi.

Palikuwa na desturi moja ambayo Chande hakuivumilia ikivunjwa. Mkeka ulivutwa na watu wa pande mbili, na hakuna aliyepigilia msumari hata mmoja mpaka wa upande wa pili aseme "tayari". Akinyamaza, mlimngoja, hata mvua ikiwanyeshea. Polepole desturi hiyo ikahamia kwenye mambo mengine ya klabu. Nani aingie, nani awe msaidizi wa nahodha, wacheze na nani: yote yaliamuliwa mkeka ukiwa umetandikwa na kila mtu ameshika ukingo wake. Djibril, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, fundi mikate wa duka moja karibu na Flagey na mrushaji mpira mwenye mkono wa kutisha, alikubaliwa hivyo. Guylain mwenye gari la mizigo vilevile. Watu wakazoea kuwaita Klabu ya Mkeka, nao wakaona fahari.

Halafu ikaja ligi ya kulipwa. Miji ya Ulaya iligawiwa matajiri, kila tajiri na jiji lake, jina lake na rangi zake, na tajiri aliyeangukiwa na Brussels alikuwa na kila kitu isipokuwa kiwanja. Kiwanja kilikuwa na Klabu ya Mkeka, na kibali cha manispaa kilikuwa kwa jina la Anaclet, kwa kuwa ndiye aliyejuana na watu wa ofisi. Kampuni ya tajiri huyo haikuwa na haraka wala ujinga. Ilimtuma Mathieu.

Mathieu alikuwa kijana aliyezaliwa hapa, wazazi wake wa Lubumbashi, suti imemkaa, Kiswahili cha nyumbani kimemkaa vilevile. Alikunywa chai kwa Anaclet mara nne. Alimsalimia mke wake kwa heshima ya mtoto wa dada. Mara ya nne alileta karatasi za kuikabidhi kampuni kibali cha kiwanja, na Anaclet alipozipekua asione mahali palipotajwa wachezaji, Mathieu aliweka mkono kifuani, akataja wanne walio hodari kuliko wote, Djibril wa kwanza.

"Papa, usiogope. Bale bana quatre bataingia mu équipe, na tonton Chande atakuwa coach. Ni parole yangu."

Basi. Mtoto wa nyumbani amekuita papa, ameketi kwenye kiti chako, ametoa neno lake, utamwambiaje aliandike? Ungemtukana yeye, mama yake na kabila lake lote. Mbelgiji angeambiwa aandike na angeandika bila kuona haya. Anaclet alisaini. Karatasi ya pili, iliyomfanya yeye kuwa mtunza kiwanja mkuu, ilikuwa na kila neno mahali pake, nayo pia aliisaini.

Hafla ya kutangaza kikosi ilifanyika katika hoteli moja ya mtaa wa ofisi za Ulaya. Djibril alikuwa ameacha kazi ya mikate ili afanye mazoezi. Aliketi safu ya tatu, amevaa tai ya kuazima, akasikiliza majina kumi na tano ya watu waliotoka mabara mengine kucheza wiki tatu na kurudi kwao. La kumi na tano liliposomwa, aliendelea kukaa na mikono juu ya magoti mpaka wahudumu wakaanza kuondoa viti. Msimu ulipoanza, kampuni ilimpa fulana ya njano asimame langoni kuelekeza watazamaji. Aliivaa siku moja. Tangu hapo, Anaclet akimwona kwenye soko la Flagey, huzungukia nyuma ya kibanda cha jibini na kujitia hamnazo.

Wote aliwapa maelezo yaleyale. Alisema alidanganywa, na alidanganywa kweli. Alisema kampuni ilimbana kwa tarehe ya mwisho, siku ya Ijumaa, na Chande alikuwa Tanga amekwenda kumzika mama yake. Aliyasema kwa mke wake, kwa padri, kwa Guylain kwenye simu kabla Guylain hajakata. Aliyasema mara nyingi hata yakalainika mdomoni, akawa anayaamini kama mtu anavyoamini tarehe yake ya kuzaliwa.

Na sasa, Februari hii, timu ilikuwa inajiandaa kwa msimu wa tatu, na wakubwa walikuwa wamegundua kwamba timu isiyo na historia haiuziki. Ukuta mzima wa jukwaa jipya utapambwa kwa picha na kabati za vioo. Mathieu alimwonyesha mchoro. Historia ya timu hiyo, Brussels Irises, ilianzia kwenye ile hoteli: tajiri, maikrofoni, mashada ya maua. Kabla ya hapo ukuta ulikuwa mweupe. Anaclet aliuliza mbona hapakuwa na kitu kabla. Mathieu akasema hawana picha nzuri, lakini papa akiupata ule mkeka wa zamani, watautandika sakafuni chini ya kioo, na majina ya klabu yataandikwa ukutani, yote kumi na mawili. Bila mkeka, ukuta utabaki ulivyo. Wachoraji wanaanza Jumatatu.

Hilo ndilo lililompandisha ghorofa nne. Alikuwa amepiga hesabu yake moyoni, na ilimtamanisha: mkeka ukae pale, majina yasomwe, Chande asimame siku moja mbele ya kioo alione lake. Na baada ya hapo yeye Anaclet apite Flagey katikati ya soko, wazi, saa sita mchana.

Alibisha. Chande alifungua, amepungua mwili, mvi zimemjaa. Alimtazama mgeni wake kuanzia usoni mpaka kwenye viatu, akatazama chini ya viatu, kisha akasogea ili apite.

"Karibu, bwana Anaclet."

Bwana Anaclet. Miaka minane ya fundi, na sasa bwana, kama wale wakubwa wa Schuman. Ilimchoma kuliko matusi, kwa kuwa matusi alikuwa amejiandaa nayo.

Chande alichemsha chai. Alikumbuka kwamba mgeni hanywi chai yenye sukari, na hakulitaja hilo, aliiacha tu sukari kabatini. Anaclet akaanza kueleza. Alieleza juu ya ukuta, kioo, majina, akazunguka huku na huku, mpaka akajisikia anazungumza kama Mathieu, akatua.

"Bon. Nimekuya juu ya mukeka, ndugu yangu," alisema. "Banafanya histoire ya équipe. Kama mukeka haiko, batasema sisi hatukukuwako."

"Na tulikuwepo?"

"Chande."

"Nauliza tu. Maana mimi nilikwenda kumzika mama yangu nikiwa nahodha, nikarudi sina hata pa kusimama."

Anaclet alishusha kikombe. Maelezo yalikuja yenyewe, yamelainika, yamezoea njia: kwamba alidanganywa, kwamba kijana alitoa neno lake, kwamba tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa na hapakuwa na namna. Chande alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaelekeza kidole jikoni, kwenye friji.

"Tiketi yangu ya kurudi niliibandika pale. Ufunguo wa nyumba hii nilikuachia wewe, umwagilie mchicha wangu dirishani. Kila siku ulipita mbele ya friji lile. Nilikuwa narudi Jumapili. Mathieu nilimtafuta mwenyewe baadaye, bwana Anaclet. Nilimuuliza habari ya Ijumaa. Hakuijua. Alisema wangengoja hata mwezi."

Anaclet alitafuta pa kukiweka kile kikombe ingawa tayari alikuwa amekiweka. Aliiona ile tiketi kama ilivyokuwa, imeshikwa kwa sumaku ya samaki, tarehe imezungushiwa wino mwekundu. Alikumbuka birika la kumwagilia mkononi mwake. Alikumbuka siku ile, Alhamisi, jinsi alivyomaliza kumwagilia mchicha, akafunga mlango wa rafiki yake vizuri, akarudi kwake kusaini. Hakuwahi kuisahau siku hiyo. Alikuwa ameifunika tu kwa Ijumaa ya uongo, na alikuwa ameifunika vizuri, maana kazi zake zote alizifanya vizuri.

"Kama ningekungoja, ungekatala," alisema hatimaye, na hakumtazama. "Ungetandika mukeka, batu bote bangeshika, na ungekatala. Na mimi nilikuwa napenda ile kazi. Maisha yangu yote nilikuwa nakata majani ya parc, Chande. Donc, sikukungoja."

Alitegemea kwamba akishalisema atapumua. Hakupumua. Lilikuwa limetoka na limekaa mezani kati ya vikombe viwili, dogo, baya, wala halikumtaka radhi mtu.

Chande alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kukataa. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina la ugonjwa ambao dalili zake ameishi nazo muda mrefu. "Ningekataa," alisema. "Hilo kweli."

"Basi unipe mukeka. Si juu yangu. Juu ya Djibril, juu ya bale bengine."

"Haupo."

Akamweleza. Mwaka ule ule, baada ya hafla ya hotelini, aliwaita wachezaji wake, wakautoa mkeka stooni mara ya mwisho, wakautandika katika ua wa nyuma, kila mtu ameshika ukingo. Wakaamua. Guylain alileta msumeno. Waliukata vipande kumi na viwili, kila mmoja akaondoka na chake. Djibril alikitundika juu ya kitanda cha binti yake.

Anaclet aliuliza kwa nini kumi na viwili, hali wachezaji walikuwa kumi na mmoja.

"Wengine walisema kumi na kimoja. Mimi nilisema kumi na viwili." Chande aliinuka, akachukua kikombe cha mgeni, kilichojaa bado, akakimwaga kwenye sinki. "Nilikungoja mwaka mzima uje uchukue chako. Mwaka wa pili nikaona usumba hauharibiki upesi, nikauweka unapofaa. Umeufutia viatu ulipoingia."

Aliutamka ukweli huo bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ya kutokea. Akamfungulia mlango. Akasema kipande ni chake, ni haki yake, akitaka akipeleke kwenye kioo chao. Ila asiwafiche kilikotoka. Kisha mlango ukafungwa.

Anaclet alisimama ngazini. Barabarani kuna mtu alikuwa akipiga honi bila kukoma, pengine kwa sababu ya gari lake. Alipiga magoti. Udongo wa kiwanja chake ulikuwa umeganda juu ya nyuzi, mbichi bado, na alipoukwangua kwa kucha ulitokea mstari mweupe uliofifia, upana wa vidole vitatu, umenyooka. Aliijua rangi ile. Aliijua mikono iliyoupaka.

Angeweza kukibeba kwapani. Alikuwa amekuja na gari zima, na kilienea kwapani. Lakini kilikuwa kimekaa upande, kimejikunja pembe moja, na jicho lake halikuweza kuvumilia. Akashika ncha mbili za upande wake, akavuta kukinyoosha. Upande wa mlangoni ulimfuata, haukuwa na mtu wa kuushika. Akakirudisha, akavuta tena, polepole zaidi.

Taa ikajizima. Ndani, nyayo zilikuja mpaka mlangoni, zikasimama. Anaclet hakuinuka kutafuta swichi. Alibaki gizani, magoti kwenye sakafu baridi, ncha mbili mkononi, akingoja wa upande wa pili aseme tayari.