Misuli ya Papa Jolie

Jumanne saa moja asubuhi, kwenye pwani ya Kituku, kando ya ziwa mjini Goma, Séraphine alifunga mkanda wa kubebea mzigo kwenye paji la uso, akainama, akabeba gunia la kwanza la makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka kwenye mtumbwi. Wakati huohuo mume wake Ruffin, baba wa mtoto wao Jolie, ambaye alikuwa bado kitandani nyumbani kwao, akaongezeka kidogo bega la kushoto. Gunia la pili likaenda bega la kulia. Kufika saa nne, shati alilolala nalo lilikuwa limepasuka mgongoni, akaamka na njaa kali, kama kawaida ya watu wanaofanya kazi sana.

Mambo haya yalikuwa na mwaka mzima, na hakuna aliyeyapigia kelele. Séraphine alikuwa anabeba, misuli inaenda kwa Ruffin. Maumivu ya kiuno, pamoja na lile bonde ambalo mkanda unalichimba kwenye paji la uso, vilibaki kwa Séraphine. Hata kwenye ndoa yenye upendo, huwezi kumnyang'anya mwenzako kila kitu.

Kocha Grégoire, mwenye chumba cha mazoezi nyuma ya garaji, mahali ambapo vijana wananyanyua vyuma vya lori lililokufa, aliyaeleza kitaalamu.

"Kunyanyua kunabomoa misuli," alisema. "Chakula na usingizi njo vinajenga. Batu bengi hapa Goma banabeba siku muzima, lakini habalale, habakule. Njo maana habapate mwili. Ruffin peke yake ameelewa."

Ruffin alikuwa ameelewa barabara. Asubuhi alikula sambaza, vile visamaki vya ziwani, sahani mbili, mchana maharage, kisha akalala hadi saa kumi. Jioni alipita avenyu nzima amevaa singleti, akisalimia watu aliokuwa amekwisha kuwasalimia. Kocha alimwandikisha kwenye mashindano ya mwili bora, Jumamosi mchana. Watu wa kartier, yaani mtaa wetu, wakafurahi sana, maana kartier yetu haijawahi kushinda kitu chochote, hata bahati nasibu.

Shida ilikuwa ya Séraphine peke yake, kwa hiyo ilichelewa kujulikana. Alikuwa anabomoka bila kujengwa. Mwaka jana alibeba gunia huku anapiga hadithi. Mwezi uliopita alilibeba akiwa kimya. Wiki hii aliliweka chini mara mbili njiani, na siku hiyo ya Jumanne Mama Clarisse, kiongozi wa wanawake wabebaji wa Kituku, alimwita pembeni.

"Mama Jolie, miye sina ubaya na weye. Lakini Jumamosi asubuhi utanyanyua gunia mbele ya bamama bote. Ukishindwa, nafasi yako napatia mwingine."

Nafasi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba, zile sahani mbili za sambaza zikiwemo. Séraphine aliogopa kweli. Alirudi nyumbani, akasema mbele ya kocha na mbele ya shefu, yaani mkuu wa avenyu, muzee Kamate, aliyekuja kuangalia mabega ya Ruffin.

"Papa Jolie, nimechoka. Beba weye, miye nilale. Misuli irudi kidogo tu, nifike Jumamosi."

Ruffin hakukasirika. Ni mtu mpole. Wanaolala vizuri huwa wapole. Alibeba gunia la mchanga, akazunguka nyumba dakika kumi, huku Séraphine amejilaza kwenye mkeka. Na kweli, mkono wa kuume wa Séraphine ukavimba, pakatokea msuli wa ukubwa wa yai la kuku. Muzee Kamate akaugusa kwa kidole, akathibitisha. Ruffin akaweka gunia chini, akatangaza kwamba mgongo unamuuma. Wote wakampa pole.

Basi dawa ilikuwa imejulikana: dakika kumi, yai moja. Hata mtoto wa darasa la pili angepiga hesabu. Muzee Kamate aliipiga, akatoa uamuzi kwamba Mama Jolie ana haki kabisa, na kwamba haki yake itaangaliwa baada ya mashindano.

Séraphine alilinda yai lake siku mbili. Alituma ujumbe Kituku kwamba ana homa, akaufunika mkono kwa kitenge. Ijumaa kocha Grégoire alikuja na futi ya fundi cherehani, akapima mikono ya Ruffin, akapima tena. Wa kuume ulikuwa umepungua sentimita mbili.

"Bajaji ba mashindano banaangaliaka usawa," alisema. "Mama Jolie, usituangushe. Ni yai moja tu."

"Na Kituku?" aliuliza Séraphine.

"Kituku iko kila siku," alisema Ruffin. "Mashindano ni mara moja."

Séraphine alilia kwa hasira. Majirani walisimama mlangoni kwa heshima zote, wakamsubiri amalize. Wawili walikuwa wamekwisha kulinyanyua gunia la mchanga, wakaliweka mgongoni mwake, kwa hiyo huwezi kusema kwamba hakusaidiwa. Alizunguka nyumba dakika kumi. Kocha akapima tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumamosi asubuhi, mbele ya wanawake wote, gunia la makala lilipanda hadi magotini mwa Séraphine, likakataa kwenda mbele. Mama Clarisse alisubiri kuliko sheria inavyoruhusu. Halafu akamfungua mkanda yeye mwenyewe, taratibu, akampa Charline, mwanamke mgeni kutoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Charline akabeba gunia lake la kwanza. Huko kambini, mume wake akaongezeka bega.

Mchana Ruffin alishinda. Majaji walisifu zaidi usawa wa mikono. Alirudi na kombe, watu wanaimba nyuma yake, akamkuta Séraphine ameketi kwenye kizingiti. Séraphine akamweleza habari ya Kituku, na kwamba kesho hakuna cha kupika. Ruffin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwekea mkono begani, mkono mzito sana, akambembeleza.

"Usilie, Mama Jolie. Mashindano ya Kinshasa ni mwezi wa tisa. Sasa njo utapata wakati wa kunifanyia mazoezi muzuri."