Yes Moja Kwenye Fomu

Kosa lilikuwa langu. Naanza na hilo kabisa, maana mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii kama kichekesho, na mimi nikiachiwa ndicho ninachofanya. Nilisema neno moja, tena neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, na kwa sababu ya neno hilo mtoto wa miaka mitano akatenganishwa na mtu pekee aliyebaki naye duniani.

Ilikuwa Kibondo, mwezi wa sita, mwaka 2015. Warundi walikuwa wanavuka mpaka kila siku, wanaletwa kwenye ghala la zamani la mazao nje kidogo ya mji, lililogeuzwa kituo cha mapokezi. Hapo wanalala siku mbili tatu, wanaandikishwa, halafu basi linawapeleka kambini Nyarugusu, upande wa Kasulu. Shirika lililokuwa linaandikisha lilitafuta wakalimani wa Kiha na Kiingereza, maana Mha akiongea na Mrundi wanaelewana bila shida. Mimi ni mzaliwa wa Busunzu, Kiha nimekinyonya. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii. Waliponiuliza kama Kiingereza changu ni kizuri, nikasema yes. Hiyo yes nayo ilikuwa na matatizo yake, lakini tuiache.

Kukisoma nakisoma, tena vizuri. Shida ni kinapotoka mdomoni mwa mwenyewe, na mwenyewe ana haraka. Kinanipita kama pikipiki, nabaki na vumbi. Basi nikajitengenezea dawa: nisiposikia, nacheka. Nacheka kidogo, kistaarabu, kama mtu aliyeelewa mpaka ndani. Wiki tatu dawa ilifanya kazi.

Siku hiyo asubuhi akaingia mwanamke mmoja anaitwa Immakulata, umri kama miaka thelathini na tano, miguu imevimba kwa kutembea. Ameshikwa pindo la kitenge na kitoto cha kike, Aline. Aliyekuwa anauliza maswali ni mama mmoja wa Kizungu, sisi tulimwita Madam. Mtu mpole, ila foleni ilikuwa imefika getini na macho yake yalikuwa kwenye foleni. Anauliza mimi nageuza Kiha, yule mama anajibu mimi nageuza Kiingereza.

Madam akauliza, "Huyu si mtoto wako wa kumzaa?"

Nikageuza. Immakulata akajibu, "Ego." Yaani ndiyo.

Nikasema, "Yes."

Madam akaandika. Akauliza tena, "Hamna karatasi yoyote ya mtoto?"

"Ego."

"Yes," nikasema.

Hapo Madam akanyoosha mkono na kusema kitu haraka haraka. Sikukishika. Nikacheka.

Madam akaniangalia. Akamwangalia Immakulata, ambaye alikuwa amekaa tu, mikono mapajani. Mkono wa Madam ukabaki umenyooka hewani, halafu ukarudi kwenye kalamu. Akaandika mstari mrefu. Nami nikaita mtu wa pili kwenye foleni, nimeridhika na kazi yangu.

Kwenye saa sita hivi nikasikia kelele upande wa hema la watoto. Si kelele za mtu mzima. Ni Aline. Kumbe walikuwa wamemchukua kumuuliza peke yake, kama wanavyofanya kwa watoto wote. Dada anayejua Kirundi akamuuliza mama yake yuko wapi, na mtoto akasema, "Mama alikufa Makamba." Ukweli mtupu. Basi pazia la hema likashushwa, mlinzi akasimamishwa mlangoni, na Immakulata akaambiwa apande basi la saa nane peke yake. Mtoto anabaki mpaka uchunguzi uishe.

Hakupiga yowe. Alisimama akashika kamba ya hema, ile inayofungwa kwenye kigingi, akaishika kwa mikono miwili. Nilipopita akasema, "Mwalimu." Wote waliniita mwalimu, sijui kwa nini. "Mwalimu, nimewakosea nini? Mtoto wa marehemu dada yangu, namlea mimi."

Nikamwambia ngoja nikaulize. Nilidhani kweli sijui.

Fomu zilikuwa zinaingizwa kwenye kompyuta na Shadia, binti wa mwenye duka la vitenge Kasulu. Ana ulimi, Shadia.

"Mwalimu Evaristi, huyo mama yako ni mwizi wa watoto," akaniambia kabla sijakaa.

"Punguza mdomo, Shadia."

"Sisemi mimi, inasema fomu. Ona. Swali la tisa, amesema kamzaa mwenyewe. Mtoto anasema mama yake amekufa. Swali la kumi na moja, amesema karatasi anazo. Ameombwa azitoe, hakuzitoa, na mkalimani akacheka."

"Wameandika nimecheka?"

"Kwa wino."

"Lakini hajasema kamzaa! Mimi nilikuwepo."

"Aliulizwaje?"

"Aliulizwa, huyu si mtoto wako wa kumzaa?"

"Akajibu?"

"Ego."

"Na wewe ukasema nini?"

"Yes."

Shadia akaacha kuandika. Akanigeukia mzima mzima, na kile kicheko chake cha siku zote hakikuwepo.

"Mwalimu, kwa hawa watu yes haimkubalii aliyeuliza. Sisi mtu akikuuliza, hujala? Kama hujala unasema ndiyo, unamkubalia. Kwao ukisema yes umeshakula. Umeshiba. Unatafuta kijiti cha meno."

Nikaivuta ile fomu nikaisoma mwenyewe. Kwa hiyo yule mama alisema si mtoto wangu, mimi nikapeleka ni mtoto wangu. Akasema sina karatasi, mimi nikapeleka ninazo. Na pale Madam aliponyoosha mkono kuziomba, mimi nikacheka. Ukiisoma fomu kwa mpangilio huo, hata mimi ningemnyang'anya mtoto.

"Shadia mwanangu, nenda wewe ukamweleze. Kiingereza chako kinatembea."

"Nikamweleze nini? Mimi nilikuwa kwenye kiti hiki. Akiniuliza nilisikia, nitasema sikusikia. Nenda mwenyewe." Kisha akaangalia saa ya ukutani. "Na uende sasa. Ridhiwani ameshaanza kupakia."

Ridhiwani alikuwa dereva wa basi. Ilikuwa saa saba na nusu. Nje nilisikia honi mbili fupi, ile ya kuita watu.

Sitaki kusema uongo, nilisimama pale mlangoni nikafikiria mkataba wangu. Nina watoto wawili sekondari. Mkalimani anayekwenda kusema mwenyewe kwamba hajui kutafsiri, kesho anakuja kufanya nini? Nikafikiria labda uchunguzi utaisha wenyewe, wiki mbili, mwezi, wataonana hukohuko Nyarugusu. Halafu nikasikia pazia la lile hema linapigwapigwa kwa ndani, kwa kiganja kidogo. Pa. Pa. Pa. Nikaenda.

Madam alikuwa kwenye kona ya ghala, simu begani, anakunja mafaili. Nikasimama mbele yake kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa ya msiba.

"Sorry, Madam," nikasema, "kwa ajili ya yule mtoto."

Akaitikia kwa kichwa, macho yake yakalegea. "Asante, Evaristi. Ndiyo, inasikitisha. Kazi hii ni ngumu." Akarudi kwenye mafaili.

Alidhani nampa pole! Na kweli neno lao la pole na la samahani ni hilohilo, sorry, umejikwaa sorry, umefiwa sorry. Sasa mimi nakiri kosa, mwenzangu anapokea rambirambi. Honi ikalia tena.

"No, Madam. Yule mama. Fomu si sahihi."

Hapo akasimama. Akaweka simu chini. "Fomu si sahihi? Hakudanganya?"

"Yes!" nikasema kwa nguvu zangu zote.

Uso wake ukajifunga kama mlango.

Nikaiona. Safari hii niliiona yes yenyewe ikitoka mdomoni na kwenda kusimama upande wa adui, palepale mbele yangu, na kicheko changu nacho nikakisikia kinapanda kooni. Nikakimeza. Nikainua mikono yote miwili, kama trafiki anayesimamisha lori.

"Stop," nikamwambia Madam, bosi wangu. "Naanza tena. Usiulize. Nasema mimi."

Akakubali. Nadhani ni mshtuko.

Nikaanza kupanga maneno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilisema: mama huyu amesema kweli. Mtoto amezaliwa na dada yake. Dada yake amekufa. Kwetu dada wa mama ni mama, ndiyo maana mtoto ana mama aliyekufa na mama aliye hai. Karatasi hakuna. Ulipouliza hakuna, akajibu ndiyo hakuna, nami nikakwambia yes. Nikafika kwenye sentensi ya mwisho, nikalitafuta neno la kukosea, likanikimbia, nikashika lililokuwa karibu.

"Madam, mimi ndiye mistake."

Sikujua kama ameelewa au anatafuta namna ya kunifukuza kwa upole. Halafu akavuta kiti, akakaa, na kuuliza polepole, neno kwa neno, "Nani amemzaa Aline?"

"Dada wa Immakulata."

"Nani anamlea?"

"Immakulata."

"Ulipocheka, ulikuwa umesikia nilichosema?"

Nikataka kuokoa heshima yangu kidogo, nikaacha. "No," nikasema. "Sikusikia. Sijasikia mara nyingi."

Akamwita Immakulata ndani, akamwita na Shadia asikilize Kiingereza changu. Maswali yakaulizwa upya, yote ya nani na wapi na lini, hakuna hata moja lenye "si" ndani yake. Immakulata alijibu huku anaangalia mlango. Mtoto ana kovu la kuungua bega la kulia, alimwagikiwa uji. Anaogopa jogoo. Hali maharage mpaka uyaponde. Madam akamtuma mtu hemani kuangalia bega. Bega likawa na kovu.

Nje honi ililia ndefu. Madam akachukua simu, akaongea na mtu wa hema la watoto, maneno yakapita kama pikipiki zake zilezile, na mwishoni nikasikia ile sentensi ambayo mimi ndiye niliyetakiwa kuigeuza. Anaweza kwenda. Au hawezi kwenda. Kwa Kiingereza chao, can na can't, tofauti ni kiherufi kidogo mwishoni, wao wanakimeza, na wewe unabaki umesimama katikati.

Immakulata akanigeukia. "Amesemaje, Mwalimu?"

Shadia alikuwa amekwenda kumzuia Ridhiwani. Nilikuwa peke yangu na ile sentensi. Ningeweza kubahatisha, uso wa Madam ulikuwa wa mtu anayekubali. Lakini hata aliponyoosha mkono asubuhi nilidhani hivyohivyo.

"Sijui," nikamwambia Immakulata. Aligeuza uso wake.

Nikamsukumia Madam fomu na kalamu. "Madam, sikusikia. Tafadhali, andika."

Akaandika nyuma ya fomu kwa herufi kubwa: anaweza. Akapiga mstari chini yake.

Aline hakukimbia kama kwenye hadithi. Alikuja anatembea, ameshikwa mkono na mlinzi, amevaa kiatu kimoja, amenuna. Alipofika akashika pindo la kitenge mahali pake palepale, akageuza uso ukutani, hataki kumwona mtu. Immakulata akambeba na kwenda moja kwa moja kwenye basi bila kuaga.

Nikajiambia imekwisha. Ndipo Shadia akanivuta pembeni.

"Mwalimu, fomu ya kwanza nilishaituma Kasulu tangu saa tano. Hii mpya nimeituma sasa hivi. Kule zitafika mbili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo watamuita wamuulize upya. Na mkalimani hatakuwa wewe."

"Si ndiyo afadhali?"

"Atakuwa mwingine kama wewe," Shadia akasema.

Nilikimbia. Na mwili huu, na kitambi hiki. Ridhiwani alikuwa ameshawasha, basi linatetemeka. Nikazunguka mpaka dirisha la nne, Immakulata alikuwa hapo, mtoto amelala kifuani, au anajifanya. Nikashika ukingo wa dirisha.

"Mama Aline, nisikilize. Kule watakuuliza tena. Wakikuuliza, huyu si wako? Wakikuuliza, huna karatasi? Usiseme ego. Hata kama ni kweli, usiseme ego. Wala oya ya kukataa usiseme. Sema yote: dada yangu ndiye aliyemzaa, mimi ndiye ninayemlea, karatasi hatuna. Ukisema yote hakuna mtu wa kuigeuza. Umenielewa?"

Akaitikia kwa kichwa. Basi likaanza kusogea, nami nikasogea nalo, mkono bado dirishani.

"Mama Aline, usiniitikie. Iseme. Iseme mara moja tu nisikie."

Akainua pindo la kitenge, akamfunika mtoto uso kwa ajili ya vumbi.

"Mara moja tu, mama. Nakuomba."