Maumivu Sifuri ya Baba Noa

Mume wangu Aliko alivunjika mguu kwa kumkwepa bata. Baiskeli ilikwenda kulia, yeye kushoto, bata akaendelea na safari zake. Baada ya wiki nane hogo la plasta likatolewa, tukakuta goti limekaza, mguu umenyooka kama mchi. Daktari akamwambia wazi, "Mzee, usipolikunja mwezi huu, halikunjiki tena."

Choo chetu hapa Bujonde ni cha kuchuchumaa. Wiki zote nane nilikuwa namshikilia mikono mle chooni, uso nimeugeuzia ukutani, na jamani, nilichoka! Nililitaka goti lile lipone kuliko alivyotaka mwenye goti.

Jumatatu tukaenda kwenye mazoezi ya viungo, hospitali mjini Kyela. Aliko alivaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya mwanetu Noa, suruali imembana mpaka kwenye kisigino. Mlango ukafunguliwa, na mtaalamu mwenyewe ni Atupele, mke wa Noa! Mwenzake tuliyepangiwa alikuwa likizo.

Asiye wa kwetu ataona ni jambo dogo. Kwa desturi ya wazee wetu, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani, sembuse kushikana magoti. Wengi siku hizi wameacha. Aliko wangu hajaacha. Miaka sita sasa, Atupele akija kwetu, mzee huingia migombani mpaka aondoke. Pale hospitali hapakuwa na migomba, akajifunika koti kichwani.

"Turudi nyumbani," akasema mle ndani ya koti.

"Na chooni?" nikamuuliza. Akajilaza kitandani na koti lake kichwani.

Atupele akavuta pazia, akabaki upande wa pili. Yeye angeelekeza, mikono iwe yangu.

"Mama, mwambie mgonjwa siku nyingine aje na bukta. Goti halikunjwi ndani ya suti."

Nikamvua suruali, nikamfunga khanga yangu.

"Mwambie pia haya si ya siku moja. Atayafanya na nyumbani, kila siku. Na maumivu ayaseme kwa ukweli, toka sifuri mpaka kumi, tusije tukamuumiza bure. Haya, kunja taratibu. Ni ngapi?"

Jasho lilikuwa linamchuruzika. "Mwambie mkwe ni sifuri."

"Sifuri? Basi ongeza, mama."

Nilijua anadanganya. Mwanaume atalia vipi mbele ya mkwe? Lakini nilikumbuka wiki nane za chooni, nikaongeza, na kidogo changu juu yake.

"Sasa?"

"Sifuri!" Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbuzi.

"Ajabu," akasema Atupele. "Basi mama, egemea kabisa."

Mimi si mwembamba. Nikaegemea.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Kumi! Kumi na tisa! Atupele, mwanangu, njoo unitoe mikononi mwa huyu mama!"

Nikauachia mguu. Jina lile hakuwahi kulitamka tangu harusi, na kusema kweli nilimwonea huruma.

Pazia likasogea. Atupele akaja, macho chini, akaweka mikono gotini.

"Shikamoo, tata," akamwita baba kwa lugha yetu.

Aliko akalishusha koti. Akamtazama.

"Marahaba, mwanangu. Hapo ni nane. Hapo sita. Ee, hivyo hivyo, polepole."

Goti likaanza kukunjika. Na mimi, mke wake wa ndoa kwa miaka thelathini na minane, nikaombwa nikasubiri nje.