Sungura Aliyelishwa kwa Mkono

Uliangalia kando. Usijitetee, nilikuona. Ulikuwa kwenye foleni ya posho, mwezi wa nane mwaka wa 1946, Bwana, mzungu mwenye shamba, alipomwambia Wakhungu maneno yale, na ghafla ukagundua kidole chako cha mguu kina jambo la maana sana. Laini nzima iligundua hivyo. Wanaume thelathini wakikagua vidole! Na kama hukuwa shambani kwetu, ulikuwa katika shamba jingine, kwenye foleni nyingine, na kidole ni kile kile.

Mimi Mukhisa, mwendesha maksai, niliangalia changu pia. Lakini masikio yangu hayakuangalia kando, na sijasahau hata neno moja. Kaa chini nikukumbushe.

Wakhungu alikuwa mtumishi wa nyumbani katika shamba letu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kitale ukishika njia iendayo Kwanza. Yeye na bibi yake Nekoye walikuwa na kishamba nyuma ya laini, zile nyumba za wafanyakazi. Mahindi yao mwezi ule yalikuwa yametoa ndevu, yamempita mtu urefu. Bwana alikuwa ameanza kukitamani kishamba hicho apande pareto. Alichokosa ni sababu tu.

Wiki ile Wakhungu aliomba ruhusa ya siku nne aende kwao, upande wa Malakisi. Ulikuwa mwaka wa tohara. Mtoto wa dada yake alikuwa anaingia kisuni, na Wakhungu ndiye aliyechaguliwa kumuuguza, maana mkono wake ulijulikana Bungoma nzima: alikuwa ameuguza vijana wa miaka minne tofauti ya tohara, na hakuna hata mmoja aliyeoza kidonda. Bwana akamkatalia.

"Sungura wa Memsahib anahasiwa Jumanne," alisema. "Wewe utakaa naye."

Ndiyo. Mtoto wa dada akose mlezi, sungura apate.

Sungura huyo aliitwa Diyuki. Dume jeupe, nono kama mto wa kulalia, na alikuwa amezoea kukojolea viti vya Memsahib, mke wa Bwana, na kumng'ata kila aliyemfukuza. Kwa hiyo daktari wa ng'ombe alipokuja kuhasi madume, akaombwa amalizie na yeye. Akamlaza juu ya meza ya jikoni, akamnusisha dawa ya usingizi, akakata, akashona. Akaosha mikono akasema, "Asipewe chakula mpaka nirudi." Akasahau kusema atarudi lini.

Mchana ule, mbele ya foleni ya posho, Bwana akamwita Wakhungu. Memsahib alikuwa Eldoret kwa dada yake.

"Memsahib anarudi Ijumaa. Akikuta sungura amekufa, wewe na bibi yako mtatoka siku hiyo hiyo. Mahindi yatabaki."

Wakhungu akauliza kwa adabu, "Na akiishi, Bwana?"

Bwana akacheka. "Akiishi, vuna mpaka jani la mwisho."

Hapo ndipo vidole vya miguu vilipoanza kupendeza.

Jioni nilipita jikoni. Diyuki alikuwa ndani ya sanduku la chai, amejikunja, macho nusu wazi, akisaga meno. Masikio yake yalikuwa baridi. Daud mpishi, mtu wa Kitale mjini, jirani ya msikiti, alikuwa amesimama juu yake kama mtu aliyekuja matangani.

"Huyu amekwisha, bana," Daud alisema. "Ndugu yangu Wakhungu, funga mizigo."

"Tangu asubuhi hajala," Wakhungu alijibu. "Wala hajatoa choo. Tumbo limelala."

"Si umeambiwa asile?"

Wakhungu aliinama, akampapasa yule mnyama tumbo. Kisha akaniuliza mimi, "Mukhisa, dume lililohasiwa asubuhi, jioni linafanya nini?"

"Linakula nyasi, tena kwa hasira."

"Na kijana wetu akitoka kisuni?"

Kwetu aliyetahiriwa hagusi chakula kwa mkono wake mpaka siku ya tatu, ngariba arudi kumnawisha. Lakini halali na njaa hata mara moja! Mlezi anamtilia mdomoni, tonge kwa tonge. Mikono imefungwa, tumbo halijafungwa.

"Basi," alisema Wakhungu, akakunja mikono ya shati.

Nekoye akaleta majani ya viazi vitamu. Akayaponda, akayachuja kwa kitambaa, akatia maji ya vuguvugu. Wakhungu akakata bua la jani la boga, lile lenye tundu, akavuta ule uji wa kijani ndani yake, akaupenyeza pembeni mwa mdomo wa Diyuki. Tone. Akangoja ameze. Tone jingine. Chupa ya maji moto akaifunga kwa gunia, akaiweka mgongoni pake. Vumbi la mbao lililoshika damu akalitupa, akatandika nyasi kavu safi. Kidonda alikitazama tu. Hakukigusa, wala hakumruhusu mtu kukigusa.

"Kula, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Wanaume wanakula."

"Mwanaume gani? Ameondolewa vyote!" Daud alicheka mpaka akashika meza. "Ati unamfanya mtahiriwa! Na siku ya tatu nani atamnawisha mikono?"

"Mimi. Na wewe utashika bakuli."

Wakhungu aliamka kila jogoo alipowika na hata kabla. Na asubuhi ya Jumatano, kabla sijawafunga maksai nira, nikasikia kelele jikoni kama za harusi. Nikakimbia. Daud ameshika kichwa, Nekoye anapiga vigelegele, na Wakhungu amenyoosha kiganja mbele yangu. Juu ya kiganja, vidonge saba, vya mviringo, vikavu, vyeusi.

"Amekunya!" alisema Wakhungu, na machozi yakamtoka.

Nimeona dhahabu dirishani kwa Wahindi wa Kitale. Haikung'aa hivyo.

Ijumaa foleni ya posho ilikuwa imesimama tena Bwana alipofika na Memsahib na daktari, nami nyuma yao na gari la maksai. Barazani wakakuta hivi: Daud ameshika bakuli, Wakhungu anamnawisha Diyuki miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima zote. Alipomaliza, akaweka jani la kiazi chini. Diyuki akalitafuna mwenyewe. Halafu akamng'ata Daud.

Daktari akamgeuza, akatazama kidonda. Safi, kimefunga. "Alianza kula lini?"

"Jumanne jioni, Bwana. Nilimlisha mimi."

"Umevunja amri!" Bwana akadakia. Uso ulimwiva; sababu yake ilikuwa imepatikana. "Fungasha. Leo."

Nilitazama kidole changu cha mguu. Nikakiambia, hapana. Nikawaacha maksai na gari lao wamesimama katikati ya lango, nikaenda mbele.

"Bwana, Jumanne ulisema, hapo uliposimama: akiishi, vuna mpaka jani la mwisho."

"Nani alisikia?"

"Mimi."

Daud akaweka bakuli chini, akafungua aproni, akaikunja. "Na mimi."

Nyongesa wa maziwa: "Mimi." Kisha foleni yote, mmoja mmoja, kama mvua inavyoanza juu ya mabati. Na wewe. Ulikuwa wa mwisho, ulisema kwa sauti ya panya, lakini ulisema!

Daktari akakohoa. "Mtu huyu ana haki. Nilimfikiria sungura kama mbwa, kumbe tumbo lake halistahimili njaa. Angenifuata mimi, mngemzika." Memsahib alikuwa amekwisha kumkumbatia Diyuki, akimtazama mumewe bila kupepesa. Bwana akatutazama, thelathini, na lango limezibwa. Akasema, "Vuneni," akaingia ndani.

Mwezi wa kumi na moja tulivuna. Sote. Mpaka jani la mwisho, na jani lenyewe Nekoye alilichomeka kwenye lango la Bwana.

Kwa hiyo usiniambie huna mdomo. Nimeusikia. Sasa plau ya Bwana inaingia kesho asubuhi katika mahindi ya Kiplagat, mwenzetu mwenye kishamba upande wa mto, hayajakomaa, na yeye pia aliahidiwa mbele yako kwamba atavuna. Inua macho kutoka kwenye kidole. Weka karatasi hii chini, mwamshe jirani, uje usimame nasi kwenye mtaro wa shamba lake, mbele ya plau. Njoo sasa hivi.